Jaji wa Marekani na Daftari Langu

Mwaka 2018 nilikaa miezi mitano na mtu nisiyempenda. Alikuwa Mmarekani, jaji wa karne ya kumi na tisa, na kabla ya kuwa jaji alikuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria la jimbo lake. Kijitabu cha maisha yake, chenye jalada la kijani lililopauka, kilikaa kwenye meza yangu ya kukatia nguo huko La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, kati ya chaki na mkasi. Kila nilipomaliza suruali ya mtu nilivuta kiti, nikaendelea kumgeuza jaji kutoka Kiingereza kuja Kiswahili.

Kazi hiyo niliitaka mwenyewe, siwezi kumlaumu mtu. Tanga nilikuwa mwalimu wa sekondari. Johannesburg nikawa fundi cherehani, napunguza suruali za walinzi na kubadilisha zipu. Watu wa kwetu bado waliniita mwalimu, ila waliniita hivyo huku wananikabidhi zipu mbovu. Basi mchungaji mmoja Mkongomani, mteja wangu wa suti, aliponiuliza kama naweza kutafsiri kitabu, nilikubali kabla hajaniambia ni kitabu gani.

"Hii kazi ni wewe tu unaiweza, mwalimu," alisema. "Sisi Kiswahili yetu iko ya kusema. Ya kuandika iko kwenu kule."

Kanisa lake lilikuwa na marafiki Marekani, na mmoja wa marafiki hao alikuwa kitukuu wa jaji. Familia ilikuwa imeandika maisha ya babu yao, ikataka vijana wa kanisa wayasome kwa Kiswahili, waone jinsi mtu anavyoweza kuanza na umaskini akaishia kwenye heshima. Mimi ni Mwislamu. Mchungaji alilijua hilo na halikumsumbua. Jaji hakuwa mtume, alisema, alikuwa jaji tu.

Wakati huohuo nilikuwa na kazi ya pili ya kuandika, na hiyo ndiyo iliyokuwa na uzito. Nilikuwa katibu wa umoja wa Watanzania wa mitaa yetu ya kusini. Kazi kubwa ya umoja ni misiba. Kazi ya pili ni kusuluhisha ugomvi wa nyumbani kabla haujafika polisi. Mwaka 2016 tulikuwa tumekaa kikao cha binti mmoja msusi, mwenye kibanda cha kusuka mtaa wa Turffontein, ambaye alimkimbia mumewe na kuja kulala kwetu, nyuma ya pazia mke wangu anakoweka vyombo. Kikao kile kilimrudisha kwa mumewe. Sasa, miaka miwili baadaye, alikuwa amekimbia tena, na safari hii hakuja kwetu wala kwa mtu yeyote wa umoja. Alikwenda moja kwa moja kwa masheikh wa mjini kuomba ndoa ivunjwe.

Mume alikataa. Aliwaambia masheikh kwamba mke wake hana lalamiko lolote la maana, na ushahidi upo: daftari la umoja linaonyesha alirudi kwa ridhaa yake mwenyewe. Masheikh wakaagiza daftari lipelekwe, na mimi niende nalo, kwa sababu limeandikwa kwa Kiswahili nao Kiswahili hawakijui. Kwa hiyo kama binti yule atabaki kwenye ndoa ile au atatoka, kwa sehemu kubwa ilitegemea mstari mmoja nilioandika mimi.

Alimpigia simu mke wangu, hakunipigia mimi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: mwambie mwalimu aseme kama ilivyokuwa.

"Imeandikwa kama ilivyokuwa," nilimjibu mke wangu kwa ukali. "Daftari langu halijawahi kukosewa."

Mke wangu alinitazama, akaendelea kukunja nguo. Kwa miaka miwili alikuwa na tabia hiyo ya kunitazama bila kusema kitu, nami nilikuwa nimeizoea kama mtu anavyozoea bomba linalovuja.

Nilikuwa na wiki nane kabla ya siku hiyo ya masheikh, nikazitumia kumkasirikia jaji.

Mwanzoni nilimhusudu, nisiseme uongo. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi kando ya mto, mtu wa kunuka ngozi mpaka siku ya ibada. Mtoto alisoma shule majira ya baridi tu, kwa sababu miezi mingine mikono yake ilihitajika kazini. Alipata kazi ya kuuza duka, na sheria alijifunza mwenyewe, ameketi juu ya magunia ya unga, kwa vitabu vya kuazima. Hapo nilimpenda. Mimi nilisomea ualimu nikiwa nauza mafuta ya taa kwa shangazi yangu, najua harufu inavyoingia kwenye kurasa.

Kisha watu wa wilaya yake wakamchagua kwenda barazani. Siku ya kwanza aliposimama kuhutubia, hotuba yote ikamtoka kichwani. Alisimama kimya, wenzake wakacheka, akaketi. Tangu siku hiyo hakufungua mdomo mahali popote bila kuandika kwanza. Alitunga sheria ya madaraja, na sheria ya nguruwe wanaozurura mjini, na kitabu kilitumia kurasa nne kamili kueleza ugomvi wa nguruwe wale. Kurasa nne! Nilizitafsiri zote huku wateja wamesimama mlangoni wananiuliza suruali zao. Binti yangu, aliyezaliwa hapahapa, anayesikia Kiswahili chote na kukujibu kwa Kiingereza na Kizulu, nilimsomea kipande cha nguruwe ili acheke. "Eish," alisema, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake lote.

Alipokuwa jaji tabia yake ya kuandika mapema ilikua zaidi. Alikuwa akizunguka kwa farasi toka mji hadi mji kusikiliza kesi, na hukumu aliziandika alfajiri, kabla ya kifungua kinywa, siku yenyewe ya kesi. Kesi nyingi zinafanana, ndivyo alivyoamini. Mtu akizisoma karatasi vizuri, mashahidi hawamwongezei kitu. Kitabu kilimsifu sana kwa hilo, na mimi nikamsifu pia. Huyu ni mtu wa kazi, nilimwambia mke wangu. Mwalimu asiyeandaa somo lake ni mtu wa kubahatisha.

Halafu nikafika kwenye mstari.

Ulikuwa katikati ya ukurasa, baada ya ufunguzi wa daraja na kabla ya habari za paa jipya la mahakama. Nilikuwa na mazoea ya kumsomea mke wangu kila nilichotafsiri, anisaidie kusikia kama Kiswahili kimekaa, yeye anapiga pasi na mimi nasoma. Nikasoma: mwaka uleule, kwa sheria aliyoipigia kura mwenyewe alipokuwa barazani, jaji alimrudisha mwanamke mmoja mtoro kwa bwana wake, mwanamke huyo hakuwa na la kusema, jaji moyoni aliuchukia utumwa.

Mke wangu aliinua pasi. "Alirudishwa wapi?"

"Kwa aliyekuwa anammiliki. Hii ni kabla ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Sheria ilikuwa inasema mtumwa akitoroka arudishwe."

"Na yeye alisema nini?"

"Nimekusomea. Hakuwa na la kusema."

"Mtu ametembea kwa miguu kutoka utumwani, amefika mbele ya jaji, hana la kusema?"

"Ndivyo kilivyoandikwa!"

"Na wewe unaamini."

Nilikasirika, kwanza kwa sababu alinihoji kama vile jaji nilimzaa mimi, pili kwa sababu alikuwa na haki. Nguruwe walipewa kurasa nne. Mwanamke alipewa mstari, hana jina, hana umri, hana hata rangi ya nguo. Na lile la moyoni! Nguruwe wa watu hawakuambiwa habari za moyo wa jaji. Nilirudia ukurasa ule mara nyingi, nikidhani labda nimeruka kitu, kwa sababu mtu aliyeandika vizuri vile juu ya magunia ya unga asingeshindwa kumwandika mwanamke yule kama angetaka.

Nikaandika barua, nikampa mchungaji aitume kwa ile familia. Nikauliza kwa adabu: mwanamke yule alikuwa nani, na alisema nini siku ile mahakamani? Jibu lilikuja baada ya muda. Lilikuwa na upole mwingi. Waliandika kwamba jengo la mahakama ya zamani liliungua na karatasi zake, kwamba katika familia hakuna anayejua zaidi, na kwamba wamefurahi sana kuona mtu wa mbali anampenda babu yao. Nilitamani kurudisha barua ile ilikotoka.

Mchungaji naye alikuja na lake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, suti yake ya kijivu nikiwa nimeitengeneza mimi, akafungua kurasa nilizomchapia.

"Mwalimu, hii ni kazi muzuri sana. Lakini ile mustari ya ule mama, tuitoshe."

"Tuutoe? Kwa nini?"

"Batoto bataanza kuuliza. Watauliza, yule mama alifika wapi? Mimi nitajibu nini? Hata wewe haujui. Hii kitabu iko ya kujenga, haiko ya kubomoa."

"Mchungaji, mtafsiri hatoi kitu. Kilichopo kinabaki."

"Voilà, ni mustari moja tu!"

"Ndiyo sababu usitolewe. Ndio mmoja tu alio nao!"

Nilipandisha sauti mpaka mteja aliyekuwa anajaribu koti akatazama pembeni. Mchungaji ni mtu mwungwana, hakujibu kwa hasira. Alichukua karatasi zake akashukuru akaondoka. Wiki tatu baadaye akaniletea vijitabu kumi vya kwangu, vimechapwa vizuri, jina la mtafsiri halipo kwa sababu nilikuwa nimeomba lisiwepo. Nikafungua palepale. Daraja lipo. Paa la mahakama lipo. Nguruwe wote wapo, hakupotea hata mmoja. Mstari haupo.

Nilifika nyumbani nimefura. Nilikuwa natembea chumba chote, hatua nne kwenda na nne kurudi, namwambia mke wangu habari za uaminifu wa maandishi. Nilisema mtu aliyeandikwa mstari mmoja akifutwa huo mmoja, amekufa mara mbili. Nilisema jaji alikuwa mwoga, familia yake ni waoga, na mchungaji ni mwoga kuliko wote. Nilikuwa najisikia vizuri sana katika hasira ile.

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Yule wa Turffontein," alisema, "ulimwandikia mistari mingapi?"

Nikasimama katikati ya chumba. Kisha nikamwambia asichanganye mambo. Mambo ni tofauti, mwanamke yule alikuwa mtumwa, huyu ni mke wa mtu. Akasema sawa, mwalimu. Anaponiita mwalimu ndani ya nyumba ujue nimeshaharibu.

Nilingoja atoke kwenda kwenye spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate, nikalitoa daftari. Nililifungua nikiwa na uhakika, nataka kujipa moyo tu. Kikao cha yule binti kilichukua ukurasa mmoja. Tarehe, mahali, majina ya waliohudhuria, maelezo ya mume, maelezo ya mwenyekiti, nasaha. Mwisho kabisa: mke ameulizwa mara tatu, amekubali kurudi kwa mumewe kwa ridhaa yake, kikao kimefungwa kwa dua.

Majina na maelezo na nasaha vyote vilikuwa kwa wino mweusi. Kichwa cha habari na ule mstari wa mwisho vilikuwa kwa wino wa buluu.

Sikuhitaji kufikiri sana. Ilikuwa desturi yangu, na nilijivunia. Vikao vyetu viliisha vyote kwa namna moja, kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani niliandika kichwa juu na hitimisho chini, nikaacha nafasi katikati, nikifika ni kujaza tu. Siku ile kalamu yangu ya buluu niliisahau mezani. Nilipofika Troyeville, nyumbani kwa mwenyekiti, aliniazima yake nyeusi. Maana yake ridhaa ya yule binti niliiandika La Rochelle, yeye yuko nyuma ya pazia la vyombo vyangu anavaa viatu vya kwenda kwenye kikao.

Inabidi nieleze jinsi tulivyokuwa tunauliza, maana mtu wa nje hawezi kujua. Kwetu binti anapoozwa huulizwa kama amekubali, na akinyamaza, ukimya wake unahesabiwa kuwa ndiyo, kwa kuwa ana haya. Sisi tuliuchukua utaratibu huo wa arusi tukauhamishia kwenye usuluhishi. Hakuna aliyeamua, hakuna aliyepiga kura. Wanaume tulikaa sebuleni, wanawake jikoni, pazia katikati, na katibu akauliza mara tatu kupitia pazia: bibi, umekubali kurudi nyumbani? Asipojibu, amekubali. Haya ya bibi arusi na ukimya wa mwanamke aliyevimba shavu tulivipima kwa kipimo kimoja, na sisi wanaume saba, wenye watoto wa kike, hakuna aliyeona tatizo.

Nami moyoni nilimwonea huruma yule binti. Nakumbuka vizuri. Nilipokumbuka kwamba nilimwonea huruma moyoni, nilifunga daftari nikalirudisha kabatini, kwa sababu neno hilo, moyoni, nilikuwa nimelitafsiri majuzi tu.

Nilimkasirikia jaji upya, ila sasa hasira haikukaa vizuri kama mwanzo.

Mume alikuja dukani siku chache kabla ya kwenda kwa masheikh. Mtu wa watu yule, hakosi msiba, anabeba jeneza mwanzo hadi mwisho. Alisalimia kwa heshima zote, akakaa.

"Mwalimu, mimi sina wasiwasi na wewe," alisema. "Wewe daftari lako ni msahafu. Usome tu kama lilivyo."

"Nitasoma," nilimwambia.

"Pasipoti yake ninayo, nguo zake ninazo. Hasira zikimwisha atarudi. Hawa wakiachiwa wanapotea, si unajua mji huu?"

Nilitaka kumwambia kitu. Nilikuwa na maneno, na pini tatu mdomoni, nikaacha pini ziwe sababu. Alipotoka nilijichukia mpaka nikakata pindo la suruali ya mtu fupi kuliko alivyotaka.

Siku ikafika. Masheikh walikuwa na chumba juu ya duka la vitambaa katikati ya mji, ngazi nyembamba, zulia la kijani, feni isiyofanya kazi. Sheikh mkuu alikuwa mzee wa Kihindi wa hapahapa Afrika Kusini, mpole, Kiingereza chake kimetulia. Nilimkuta yule binti ameshakaa kwenye kiti, chumba kimoja na sisi wanaume, hakuna pazia. Mke wangu alikaa pembeni yake. Mume alikaa upande wa pili, viatu vinang'aa. Binti alinisalimia, shikamoo mwalimu, nikamjibu bila kumtazama usoni.

Sheikh alinipa masharti ya kutafsiri. Anachosema mama huyu ukiseme kama anavyokisema. Usiseme "anasema kwamba." Akisema mimi, na wewe sema mimi. Kisha akaniomba nisome daftari.

Nikasoma tarehe. Nikasoma majina. Nikasoma maelezo ya mume na nasaha za mwenyekiti, kila sentensi naigeuza Kiingereza. Nilipofika kwenye wino wa buluu nikasimama. Nikaliweka daftari juu ya meza.

"Sheikh," nilisema, "mstari huu wa mwisho niliuandika nyumbani kabla ya kikao. Tulimuuliza mara tatu kupitia pazia, akanyamaza. Kwa desturi yetu tukauhesabu ukimya wake kuwa ridhaa. Hiyo haikuwa sahihi. Hakukubali. Alinyamaza tu."

Nikalisema lilelile kwa Kiswahili, wote wasikie. Mume aliruka kwenye kiti, sheikh akamwinulia kidole akaketi. Mimi nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo mwisho wa safari. Nakiri, na naona aibu kukiri, kwamba nilimtazama mke wangu kuona kama ameona nilivyofanya. Nilikuwa nimefanya ambalo jaji hakufanya. Nilikuwa nimeurekebisha mstari wangu.

Sheikh alimgeukia binti. Akamuuliza kupitia kwangu kama ndivyo ilivyokuwa, kwamba siku ile alinyamaza.

"Hapana," alisema binti. "Sikunyamaza."

Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

"Tafsiri," sheikh aliniambia.

"Hapana," nikasema kwa Kiingereza. "Sikunyamaza."

Akaendelea taratibu, akiningoja nimalize kila kipande. Mimi nikasema kama nilivyoagizwa, kwa kinywa changu: mara ya kwanza nilisema sitaki, nilisema polepole. Mara ya pili nilisema sitaki kwa sauti, mpaka dada huyu akanishika mkono. Mara ya tatu sikuona sababu. Pazia lilikuwa na upenyo, niliwaona wote. Wanaume walikuwa wanapokezana chai na kuongea. Mwalimu alikuwa ameinama anaandika majina.

Sheikh aliacha kuandika. "Mwalimu ni nani?"

Nilikuwa nasikia cherehani za duka la chini.

"Ni mimi," nilisema.

Alinitazama bila ukali. Kisha akalifunga daftari langu, akanisukumia, akachukua karatasi safi akamwomba binti aanze tangu mwanzo. Binti alieleza kwa saa nzima na zaidi. Nilitafsiri kila neno, kipigo kwa kipigo, mlango uliofungwa kwa nje, pasipoti, simu iliyovunjwa, yote nikisema mimi, mimi, mimi. Mume hakuitaja ridhaa tena. Wiki mbili baadaye ndoa ilivunjwa na pasipoti ikarudishwa mbele ya masheikh.

Siku ile lakini tulikuwa bado hatujui. Tulishuka ngazi, binti akaenda zake na dada mmoja aliyekuja kumchukua, mimi na mke wangu tukaenda kusubiri teksi za kusini, daladala za huku. Tulisimama karibu na robot, taa za barabarani, watu wanapita na mifuko yao. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira tena, na sikujua nimkasirikie nani. Nikachagua aliyekuwa karibu.

"Wewe ulikuwa jikoni," nilimwambia. "Ulimshika mkono. Ulisikia."

"Tulisikia sote. Tulikuwa wanawake watano."

"Miaka miwili! Mbona hukuniambia?"

Mke wangu alinitazama, ila safari hii alijibu.

"Nilikuambia. Jumapili ileile ya kikao, tukisubiri teksi kule Troyeville. Nilikuambia mtoto wa watu amesema hataki, tena mara mbili. Ukaniambia kikao kimeshafungwa."

Nikajaribu kuikumbuka Jumapili ile. Nilikumbuka mvua ya alasiri iliyotukuta njiani. Nilikumbuka teksi mbili zilizopita zimejaa. Nilikumbuka hata jinsi nilivyoliweka daftari ndani ya koti lisilowe. Kwamba mke wangu alisema kitu, hilo sikulikumbuka hata kidogo.